Paladini kwenye Desktop Dungeons: kabila gani linafaa, Binadamu, Dwarf, Elf au Gnome?

mtemi_wa_vigae
Wakuu habari za jioni. Nacheza Desktop Dungeons ya wale jamaa wa QCF Design wa Cape Town, ile ya 2013 sio Rewind ya 2023, laptop yangu ukiiwekea mambo ya 3D feni inalia kama mashine ya kusaga. Nimefungua Paladini, aina ya mpiganaji, juzi kati na tangu hapo silali vizuri. Kwa wasioijua, hili gemu linaonekana la mapanga ila ukweli ni hesabu tupu, kila kigae kipya unachofunua kinakurudishia damu (uhai) kidogo na mana (nguvu ya uchawi) 1, vigae vikiisha na wewe umeisha. Sasa Paladini anaanza na kinga ya 25% dhidi ya mapigo ya kawaida na glifu (uchawi) ya HALPMEH ya kujitibu, mana 5 inarudisha damu mara 3 ya levo yako. Mtu mgumu kufa kabisa, lakini kwa bosi nafika nimechoka napigwa narudi kijijini na aibu. Nimejaribu makabila yote, sijui nisimame wapi. Nipeni ulinganisho wenye akili, sio "mimi napenda Elf".

shemeji_Orc
Mimi napenda Elf 😂

Natania mkuu. Chukua Binadamu, kila ukikonvati vitu vya kutosha (yaani kuvigeuza ulivyookota kuwa faida ya kabila lako) anakuongezea 10% ya pigo. Paladini tatizo lake sio kufa, tatizo lake anapiga kama anabembeleza mtoto. Orc nae anaongeza pigo, 2 kila konvati, na jina langu hilo unaliona nampenda, lakini fanya hesabu: pigo la msingi ni 5 kwa kila levo, kwahiyo levo 4 una 20, 10% yake ni 2, hapo wamelingana. Chini ya levo 4 Orc yuko juu, ukishapita hapo Binadamu anamuacha. Na bosi humpigi ukiwa levo 3.

bi_hesabu
Shemeji umesema kweli ila umeishia njiani, ngoja niweke namba maana kila siku watu wanabishana hapa kwa hisia tu.

Uko levo 6, damu 60, mana 10, pigo 30. Adui ni levo 8 anapiga 40. Kwakuwa levo yake iko juu yeye ndio anaanza kupiga, wewe unarudisha ukibaki hai. Kinga yako inaishusha 40 kuwa 30. HALPMEH kwa levo 6 ni damu 18, na mana 10 inakupa mbili tu.

Binadamu wa konvati 4 pigo lake ni 42. Anapigwa anabaki 30, anajitibu 48, anapigwa 18, anajitibu 36, anapigwa 6. Kavumilia mapigo matatu karudisha 126. (Angalieni hapo, nimejitibu MOJA MOJA. Ukizipiga zote mbili kwa pamoja ukiwa na 30 unajaa hadi 60 na damu 6 inamwagika bure, pigo la tatu linakumaliza. Nahisi mtoa mada ndio unafanya hivi, wengi mnafanya.)

Dwarf wa konvati 4 damu yake ni 84, pigo 30 ile ile. Jumla na tiba zote ana 120, mapigo matatu anavumilia, la nne linamuua pale pale kwenye sifuri. Karudisha 90 tu. Yaani ameongeza damu 24 na haijamnunulia hata pigo moja la ziada, kwa sababu HALPMEH inaangalia levo, haiangalii ukubwa wa tumbo lako.

Hapo Binadamu kashinda, 126 kwa 90.

msee_wa_Dwarf
Hold on hold on, bi_hesabu na heshima zako zote, hiyo chupa nyekundu umeiacha wapi?? Kila mtu anaanza na moja ya damu na moja ya mana, na ya damu inarudisha 40% ya damu YAKO, sio ya levo. Binadamu anapata 24. Dwarf anapata 33.

Sasa rudia hiyo vita. Binadamu yuko 6, anakunywa anafika 30, anapigwa 30, kwisha habari yake, amekufa kwa kukosa damu moja tu, chupa imeenda na bado ni 126. Dwarf anaanza 84, anapigwa 54, anapigwa 24, anakunywa 57, anapigwa 27, anajitibu 45, anapigwa 15, anajitibu 33, anapigwa 3. YUKO HAI na damu 3. Mapigo matano, karudisha 150.

Hii ndio sababu watu wanasema Dwarf mbaya, wanampima bila chupa, ni kama kupima mtu mbio ukiwa umemvua viatu.

bi_hesabu
Umenishika mkuu. Nakubali. Ila ni kwa huyo adui wa 40, akipiga 38 Binadamu anafufuka, namba zinageuka. Point yangu inabaki: usichague kabila kwa jina, hesabu adui aliye mbele yako anakuua kwa mapigo mangapi, kisha nunua kile kinachokuongezea pigo MOJA. Kama hakikuongezei usinunue.

kaka_glifu
Nyote mnaongelea adui wa panga. Warlock je? Yule anapiga kwa uchawi, kinga yako ya 25% anaipita kama haipo, 40 inaingia 40. Dragon Spawn vivyo hivyo. Mimi danjeni ikiwa na hao sipeleki Paladini kabisa, au nawaacha Warlock mpaka niwe nimewapita levo ili nianze mimi kupiga.

Nyoka ndio chakula cha Paladini. Sumu inakuzuia kupata damu ukifunua vigae, madarasa mengine wanalia, wewe unapiga HALPMEH inasafisha sumu na kutibu hapo hapo.

elfu_kumi
Na Elf? Anaongeza mana, ukifikisha 15 una HALPMEH ya tatu. Kwa mfano wa bi_hesabu hiyo ni damu 18 zaidi, jumla 114, na bado mapigo matatu tu 😭 nimejiua mwenyewe. Haya, lakini ukiongeza chupa zinakuwa 138, mapigo manne. Sio mbaya, kwa idadi ya mapigo Elf yuko katikati, na mana hiyo unaitumia pia kwa BURNDAYRAZ, glifu ya moto, ukiipata.

Gnome msiguse jamani. Anakupa chupa za mana, chupa ni 40%, ya mana 10 ni 4. HALPMEH ni 5. NNE. Umekonvati vitu vyako ukapata chupa ambayo moja peke yake haifiki bei ya glifu mpaka unywe mbili, unabaki unaiangalia kama mtu wa mwisho wa mwezi dukani.

shemeji_Orc
😂😂 nimecheka mpaka mama watoto kauliza kuna nini

Miungu ya kwenye gemu je? Mtoa mada unamuabudu nani? Usije ukaniambia Taurog.

mtemi_wa_vigae
...Taurog. Anatoa ngao na kofia mkuu, niliona knight na ngao vinaendana.

kaka_glifu
Bro Taurog anachukia uchawi! Kila ukipiga HALPMEH unamuudhi, imani inashuka. Umemchukua padri ukampeleka kwa mungu anayechukia sala. Mtafute Mystera Annur, yeye ukipiga glifu anafurahi na anakuongezea imani, tena ana Refreshment ya kukujazia mana. Tiba zako zinageuka sadaka.

msee_wa_Dwarf
Na ingine, wale vijana wa levo 1 na 2 unawamaliza wote mwanzoni sindio? Bakisha kadhaa. Ukiwa katikati ya bosi umebaki na damu 3 kama Dwarf wangu, na experience imekaribia kujaa, unamgeukia mdogo mmoja unamuua, levo inapanda, damu na mana zinajaa ZOTE, unarudi kwa bosi bila kufunua kigae hata kimoja. Ukifunua vigae na yeye anapona, ndio maana unampiga haishi.

mtemi_wa_vigae
Wakuu nimerudi. Nimeenda na Dwarf na Mystera, tiba moja moja, nimebakisha wadogo wanne. Bosi nimemuua!! Kwa chupa ya mwisho. Ila nakiri nilikunywa ile ya mana nikidhani ni ya damu, ikabidi nimuue mdogo mapema kuliko nilivyopanga, jasho limenitoka.

Kesho najaribu Binadamu kwa adui anayepiga 38, nione kama bi_hesabu anasema kweli.

bi_hesabu
28.5 baada ya kinga. Pigia mstari kabisa uone gemu inapeleka wapi hiyo nusu, maana hiyo nusu ndio inayoniua mimi kila siku.