Majina ya vitambaa katika Siksa Kandang Karesian: nayageuzaje kuwa batiki?

Swali
Wadau, naandaa batiki kutokana na Sanghyang Siksa Kandang Karesian, matini ya mwaka 1518 ya Kisunda, lugha ya magharibi mwa Java, Indonesia. Mitindo imetajwa kwa majina tu. Nimechukua hujan riris, yaani manyunyu, na kembang tarate, ua la yungiyungi. Kitambaa ni pamba, sentimita 105 kwa 240. Manyunyu nimeyaweka kwa nukta zilizopangwa mshazari. Baada ya kutia rangi nukta nyingi zimefutika, na mishazari haiungani. Nimekosea wapi?

Jibu 1
Anza na matini. Hujan riris imo katika orodha ya boeh, vitambaa, inayofungwa kwa agizo la kumuuliza pangeuyeuk, yaani mfumaji. Kembang tarate imo katika orodha ya lukis, michoro, na huko wa kuulizwa ni mchoraji. Ukizichora zote kwa mtindo mmoja, umeifuta tofauti hiyo, na ndiyo tamu kuliko yote. Manyunyu yafuate uzi: vistari vifupi vilivyonyooka, vinavyokatika kwa hatua sawa, kama uzi unaopita juu na chini ya mwenzake. Mistari ya kupinda muachie tarate. Ila usiiuze kama hujan riris ya kale. Hiyo ni tafsiri yako.

Jibu 2
Mishazari ni hesabu. Fua kitambaa kwanza, kwani pamba mpya hurudi, kisha ndipo upime. Kikibaki 105 kwa 240, tumia kigezo kimoja cha mraba wa sentimita 15, ukirudie: vipande 7 kwa upana, 16 kwa urefu. Mstari unaotokea ukingo wa kulia wa kigezo, sentimita 4 kutoka juu, lazima uwe na mwenzake anayeingilia kushoto, sentimita 4 hizo hizo. Kata nakala ya kigezo ya karatasi katikati kwa wima, badilishana nusu zake: kasoro yote itajitokeza pale kati.

Jibu 3
Nukta zimefutika kwa sababu nta haikupenya. Geuza kitambaa: nukta nzuri huonekana nyuma kama doa la mafuta. Nta iliyopoa ndani ya canting, kalamu ya kuchorea nta, hukaa juu, nyeupe kama ushanga, na kucha inaibandua. Pasha nta zaidi, na uhakikishe wanga wa kiwandani umetoka wote, maana nao huizuia.

Angalia pia rangi yako. Kama ina magadi na umeloweka muda mrefu, nta yenye utomvu wa msonobari hulegea. Ndiyo maana magadi hutiwa kwenye maji ya moto ya kuondolea nta mwishoni. Nukta ndogo ndizo huondoka kwanza. Paka rangi kwa brashi badala ya kuloweka, na urudie nukta upande wa nyuma.