Hadubini ya shule au picha za elektroni: tuanze na kipi?

Mwalimu_Muyeye
Assalam aleikum, hamjambo nyote. Nasomesha sayansi shule ya msingi hapa Malindi. Wazazi wamechangia klabu yetu shilingi 18,000, nami nimekwama. Juzi niliwaonyesha watoto kwenye simu kichwa cha inzi wa matunda, yule mdogo anayezunguka maembe yaliyoiva, kilichopigwa picha kwa hadubini ya elektroni. Jicho limepangika kama sega la nyuki, na vinywele vimesimama katikati ya vijicho. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, na wa kwetu yuko hivyo?" Sikuwa na cha kumwonyesha. Sasa ninunue hadubini ya kawaida, Foldscope, zile hadubini za karatasi za kukunja, au nichapishe picha kubwa za elektroni nibandike ukutani?

Fundi_Maabara
Mwalimu, usipime kwa ukuzaji pekee. Nuru tunayoiona ina mawimbi ya nanomita 400 hadi 700 hivi, kwa hiyo hadubini ya nuru ya kawaida hukomea karibu nanomita 200. Vitu viwili vikisogeleana kuliko hapo, huonekana kimoja. Ndipo Ernst Ruska na Max Knoll, mjini Berlin mwaka 1931, wakatumia elektroni badala ya nuru. Ruska akaja kupewa Nobel mwaka 1986.

Picha za wadudu hutoka kwenye aina inayopitisha mwali wa elektroni juu ya mdudu, mstari kwa mstari. Mimi ninachokipenda hapo ni kina: nywele za usoni na shingo nyuma yake zote zinaonekana wazi kwa pamoja. Kwa nuru, ukilenga uso, kifua kinaingia ukungu. Lakini mdudu huyo ni mfu, amekaushwa, amepakwa dhahabu nyembamba mno, akatiwa ndani ya chumba kilichonyonywa hewa. Elektroni pia hazina rangi. Ukiona inzi wa zambarau, kuna mtu amempaka kwenye kompyuta. Waambie watoto hilo mapema.

Na hadubini ya kawaida ya shule humulika kutoka chini. Inafaa ubawa, tone la maji, ngozi ya kitunguu. Mdudu mzima atakuwa kivuli cheusi. Tafuta ya macho mawili inayokuza mara 20 hadi 40, yenye taa juu, hata iwe ya mtumba.

Binti_Langoni
Mimi niko Lamu. Homa ya chikungunya ilipotuvamia mwaka 2004 nilikuwa darasa la tano. Nyumba nzima tulilala, na bibi yangu alikuwa akishuka ngazi kwa makalio, kidato baada ya kidato, kwa sababu magoti yalikataa. Anayeieneza ni Aedes, mbu wa mitungini mwenye miguu ya madoa meupe. Hutaga kwenye ukuta wa mtungi, juu kidogo ya maji, na mayai hustahimili ukavu kwa miezi. Ukimwaga maji bila kusugua mtungi, hujafanya kitu.

Mwaka jana nilikwangua mtungi wetu nikaangalia kwa lenzi ya mara 30. Nikaviona: vijiyai vyeusi, virefu kama punje za mchele. Baadaye nikaona picha ya elektroni ya yai hilohilo, ganda limejaa vinundu vilivyopangwa kama sakafu ya mawe. Picha ile ilinigusa kwa sababu yai lenyewe nilishalikwangua kwa mkono wangu. Mbu wa malaria naye, kila yai lina maboya mawili ubavuni, na mbu aitwaye Culex huyashikanisha mayai yake kama chelezo. Hayo yote lenzi ndogo inaonyesha. Mwalimu, anza na lenzi.

Jirani_wa_Gede
Dada, hapo kwenye kuanza na lenzi siko nawe kabisa. Huku kwetu watu wanafuga vipepeo kwa ajili ya mradi wa Kipepeo tangu 1993, na kila mtoto anajua ule unga wa mbawa unaobaki kidoleni. Kwa lenzi utaona ni magamba, yamelaliana kama makuti ya paa. Basi, lenzi imeishia hapo. Picha ya elektroni inaonyesha kila gamba lina matuta na nguzo zake, na kwa vipepeo wengi ile buluu inayong'aa hutokana na mpangilio huo, si rangi iliyomo ndani. Au mjusi wa darini: kila kinywele cha wayo wake hugawanyika ncha mamia, kila ncha upana wa nanomita 200 hivi, pale pale Fundi aliposema nuru inakwama. Utamweleza mtoto vipi anavyoshika dari bila picha?

Kombo_wa_Shela
Foldscope ninayo. Ilibuniwa na timu ya Manu Prakash pale Stanford, inakuza mara 140, na mfukoni inaingia. Shida ni moja: jicho moja kwa wakati mmoja. Watoto arubaini watapanga foleni mpaka kengele ilie. Ila ukiishikiza kwenye simu, wanaona kumi pamoja.

Mwalimu_Muyeye
Ahsanteni sana. Nimeamua: ya macho mawili, na picha mbili tu, gamba la kipepeo na yai la Aedes. Zitabandikwa baada ya watoto kuleta vyao kutoka nyumbani. Swali la mwisho, hewa hii ya chumvi haitaiharibu?

Kombo_wa_Shela
Itaiharibu. Yangu ya kwanza iliota kuvu ndani ya lenzi kwa msimu mmoja wa masika. Iweke kwenye kopo linalofunga kabisa, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na uvibadilishe kila mara. Usiiache kabatini usiku.