Mimba ya miezi minne, uso umejaa chunusi na madoa: nipake nini kilicho salama?

Alizeti wa Nzuguni

Wapendwa habarini, wakubwa zangu shikamooni.

Naombeni ushauri, hasa kina mama na wenye utaalamu wa dawa. Nina ujauzito wa miezi minne, ndiyo wa kwanza, naishi Nzuguni hapa Dodoma. Kabla sijashika mimba nilikuwa napaka krimu ya usiku yenye retinoli na kunawa kwa sabuni ya chunusi yenye asidi ya salisiliki. Nilipopima na kukuta nina mimba nikaacha vyote, ila wiki za mwanzo nilikuwa bado napaka, na hilo linaninyima usingizi.

Sasa hivi chunusi zimejaa kidevuni na kwenye taya. Mashavuni na juu ya mdomo kumetokea weusi wenye kingo kama ramani. Nikisugua hautoki, nikikaa juani unazidi. Mwili nao unapauka kwa huu upepo wa Julai, nikijikuna miguuni naacha mistari myeupe.

Muuza vipodozi mmoja kaniambia anayo losheni ya mimea tupu na wajawazito wengi wanaichukua kwake. Nilimwona akimpimia mteja: anachota kwa kikombe kwenye ndoo nyeupe, anamimina kwenye kopo tupu la mafuta, anaandika bei juu ya mfuniko. Lebo hakuna. Wifi yangu anasema nipake mafuta ya ubuyu basi. Mume wangu anasema niache kila kitu mpaka nijifungue. Kweli nikae hivi miezi mitano?

Mama Watatu Kongwa

Hongera sana mdogo wangu, Mungu akufikishe salama. Hiyo ya kwenye ndoo usiiguse. Weusi huo mimi ulinitokea kwenye mimba zote, ukaja kufifia wenyewe baada ya kujifungua. Ngoja wataalamu waje.

Mfamasia Kanda ya Kati

Dada Alizeti, hongera. Mimi ni mfamasia, niko duka la dawa hapahapa mjini, na swali lako naulizwa karibu kila siku, ndiyo maana nitaandika kwa kirefu.

Nianze na hofu yako. Retinoli uliyopaka kabla hujajua una mimba isikukoseshe usingizi. Kinachopenya ngozi na kuingia kwenye damu ni kidogo sana, na tafiti za wanawake waliopaka dawa za kundi hilo mwanzoni mwa mimba hazijaonyesha kwamba watoto wao wanapata kasoro kuliko wengine. Tunawaambia waache kwa tahadhari, kwa sababu ile ya kumeza ya kundi hilohilo, isotretinoini, inamdhuru mtoto vibaya: ubongo, moyo, masikio. Umeacha, vizuri, kaa hivyo hivyo. Mweleze tu nesi wako kliniki aandike kwenye kadi. Dukani, neno lolote lenye "retin" ndani yake lirudishe rafuni, na adapaleni pia.

Sabuni yako ya salisiliki haikuwa na tatizo. Kiwango cha asilimia 2 kushuka chini, ya kupaka na kusuuza usoni, kinakubalika kwa mjamzito. Kisichotakiwa ni ile kali ya kuchubua ngozi wanayopaka saluni, au kujipaka mwili mzima.

Kwa chunusi, cha kwanza ningekupa ni asidi ya azelaiki. Hiyo inatibu chunusi na huo weusi kwa pamoja, na wajawazito wanaitumia bila wasiwasi. Mwanzoni inawasha kidogo, kwa hiyo anza siku moja moja. Kuna pia benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5: inayoingia mwilini ni kama asilimia 5 tu ya ulichopaka, na mwili unaitoa haraka. Ila inafifisha rangi ya nguo, lalia foronya nyeupe. Niasinamaidi na vitamini C ni salama. Ulizia kwenye duka la dawa lenye mfamasia, usiulizie kwa wauza urembo.

Msinunue doksisaiklini wenyewe kwa ajili ya chunusi. Naiona sana, mtu anakuja anasema "nipe doksi za uso" na tumbo linaonekana. Kundi hilo la dawa huingia kwenye meno na mifupa ya mtoto, na meno hutoka yakiwa na rangi ya njano au kahawia.

Sasa ile ndoo. Watu wanasoma kwenye simu orodha ndefu za kemikali wanaogopa hata mafuta ya mgando, halafu wanapaka kitu ambacho hakuna anayejua kina nini. Losheni inayong'arisha uso ndani ya wiki haiwezi kuwa mimea tupu. Ndani mara nyingi kuna hidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), au zebaki, au steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi), na mara nyingine vyote. Hidrokwinoni ikipakwa, takriban asilimia 35 hadi 45 huingia mwilini, hicho ni kiwango kikubwa sana kwa kitu cha kupaka. Zebaki hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto na kugusa ubongo wake unaojengeka, na mama mwenyewe inamharibu figo. Steroidi kali kama klobetasoli, ikipakwa kwa wingi kipindi cha mimba, imehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Nchini kwetu zebaki na hidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Mwenye ndoo anajua anachofanya ndiyo maana haweki lebo.

Mrembo wa Area C

Samahani wadau lakini tusitishane. Mimi nimepaka mkorogo mimba mbili, watoto wazima kabisa, mmoja yuko darasa la tatu anashika namba nzuri. Mwanamke kupendeza si dhambi.

Mfamasia Kanda ya Kati

Dada, namshukuru Mungu kwa watoto wako, na kupendeza siyo dhambi. Lakini mkorogo uliochanganywa leo sio uliochanganywa mwezi jana. Anayechanganya hapimi, anatia kwa macho. Wewe huenda ulipata wenye steroidi tu, mwenzako akapata wenye zebaki. Na zebaki haiishii kwa aliyepaka: inabaki kwenye shuka na taulo, na mtoto anayelazwa kifuani anaivuta na kuigusa. Kama bado unapaka, nenda ukapimwe mkojo na shinikizo la damu. Sikusemi vibaya, nakuomba.

Nesi Bahi

Naongezea upande wa kliniki, maana mfamasia kamaliza upande wa dawa.

Alizeti, huo weusi wa mashavuni unaletwa na homoni za mimba zikikutana na jua. Wengi huanza kufifia miezi kadhaa baada ya kujifungua. Mstari mweusi wa tumboni na chuchu kuwa nyeusi ni mambo yaleyale, usiyapake chochote. Michirizi haizuiwi na mafuta yoyote, hata ya bei mbaya. Kama mama na dada zako wanayo, na wewe jiandae kuwa nayo. Mafuta yatakusaidia ngozi isikaze na isiwashe, na hilo peke yake linatosha.

Dodoma ni kavu na upepo wetu unakausha kila kitu. Usioge maji ya moto sana, usisugue na dodoki kila siku, na ukitoka bafuni paka mafuta mwili ukiwa bado na unyevu. Mafuta ya mgando au ya nazi kwa mwili yanatosha, usoni pakaza losheni nyepesi isiyo na manukato kwa sababu una chunusi. Mafuta ya ubuyu ya wifi yako ni mazuri kwa ngozi, tena yanatoka kwetu hapahapa. Ila ni ya kupaka. Msiyanywe kama wengine wanavyofanya, mafuta mabichi ya mbegu zile yana asidi za mafuta ambazo hazifai kumezwa.

Jambo ninalotaka kila mjamzito anayesoma hapa alishike: kuwashwa viganja na nyayo bila vipele vyovyote, usiku kunazidi, hasa kuanzia mwezi wa saba. Hiyo usiitibu kwa losheni. Inaweza kuwa nyongo inazidi kwenye damu kwa sababu ini limeelemewa na mimba, na mtoto anaweza kufia tumboni. Mkojo ukiwa mweusi kama chai au macho yakiwa ya njano, hata kesho usisubiri. Nenda hospitali wapime damu. Nimeona mama anapakwa kalamaini wiki nzima nyumbani kwa sababu bibi alisema ni joto la mtoto. Kalamaini inafaa kwa vipele vya joto, kwa hili haisaidii.

Bibi Harusi Mtarajiwa

Asanteni kwa elimu. Mimi sina mimba ila naolewa Desemba na tunataka mtoto mapema. Daktari wa ngozi alinianzishia vidonge vya isotretinoini. Nifanye nini?

Mfamasia Kanda ya Kati

Usiviache kimyakimya wala usiendelee kimyakimya. Rudi kwa aliyekuandikia umwambie ratiba yako. Baada ya kidonge cha mwisho unatakiwa kupita angalau mwezi mmoja kamili kabla ya kushika mimba, na kipindi chote cha dawa mtumie uzazi wa mpango wa uhakika. Usimgawie mtu vidonge vilivyobaki na usichangie damu mpaka mwezi huo uishe, damu yako inaweza kuwekewa mjamzito. Wenye ugonjwa wa magamba ya ngozi wanaotumia asitretini, kwao ni miaka 3.

Na anza asidi ya foliki sasa, usingoje kliniki.

Alizeti wa Nzuguni

Machozi yamenitoka, asanteni sana. Nimemsomea mume wangu jibu la kwanza la mfamasia lote.

Nina maswali mawili. Kwa hilo la jua, sanskrini (losheni ya kukinga jua) nimejaribu ya mdogo wangu, uso ukawa wa kijivu kama nimemwagiwa unga, nikaona aibu kutoka. La pili, nikishajifungua naweza kurudia vitu vyangu au mpaka mtoto aache ziwa?

Mfamasia Kanda ya Kati

Ukijivu huo unatoka kwenye zinki oksaidi na titani dioksaidi. Ndizo nazipendekeza kwa mjamzito kwa sababu zinakaa juu ya ngozi, lakini tafuta yenye rangi ya kahawia. Ile rangi ni oksaidi ya chuma, na kwa ngozi yetu nyeusi inafanya kazi ya ziada: inazuia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao unakoleza huo weusi. SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua kilichoandikwa kwenye kopo, iwe 30 au zaidi, paka kwa wingi, rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Ukikosa yenye rangi, mtandio wa kitambaa kizito, kofia pana na mwavuli vinafanya kazi nzuri. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na tuko karibu na ikweta, jua la saa tano asubuhi hapa ni kali hata kama upepo ni baridi. Watu wengi huku hawajikingi Juni na Julai kwa sababu hawasikii joto.

Ukinyonyesha, azelaiki, niasinamaidi, salisiliki ya kiwango cha chini na benzoili peroksaidi unaendelea navyo. Ila usivipake kwenye chuchu au mahali mtoto anapoweka mdomo na shavu. Chuchu ikipasuka paka maziwa yako mwenyewe au lanolini, na mwone nesi akurekebishie mtoto anavyoshika ziwa. Retinoli isubiri aache ziwa. Hidrokwinoni na mkorogo, hapana.

Nesi Bahi

Na ukienda uzazi wa mpango, mwambie mhudumu kwamba mimba ilikuletea madoa. Vidonge vyenye estrojeni vinaweza kuyarudisha, kuna njia nyingine atakupangia. Halafu jua liendelee kukingwa hata baada ya kujifungua, wengi wanaacha hapo na weusi unaganda.

Alizeti wa Nzuguni

Wifi naye kasoma uzi huu usiku akaja na tyubu yake. Anapaka usoni tangu mwaka jana, na yeye anatafuta mtoto. Ina maandishi mengi, chini kwa herufi ndogo imeandikwa klobetasoli propioneti 0.05%. Aitupe?

Mfamasia Kanda ya Kati

Hiyo ni steroidi ya daraja la juu kabisa kwa nguvu, siyo kipodozi. Inatibu magonjwa ya ngozi kwa wiki chache kwa maelekezo ya daktari, na usoni karibu haitumiki. Asiitupe leo na kukaa hivyohivyo: baada ya mwaka mzima akikata ghafla uso unaweza kuvimba, kuungua na kujaa vipele, na hapo ndipo wengi wanarudia tyubu wakidhani wameugua. Asipake nyingine mpya juu yake wala asiende kwa mwenye ndoo. Amwone daktari wa ngozi wiki hii, aende na tyubu yenyewe mkononi, aseme amepaka muda gani na kwamba anatafuta mimba. Daktari atamshusha taratibu kwa yenye nguvu ndogo. Akiona mishipa midogo myekundu mashavuni au nywele zimeota usoni, ayataje hayo pia.

Alizeti wa Nzuguni

Tunakwenda wote Jumatatu. Na mimi nachukua azelaiki njiani.