Mjadala: Pesa za utafiti wa nano (mashine ndogo kama molekuli) zifuate almasi, au mawe yaliyokwisha kuungua?

Jivu Jeupe (mleta mada)
Mnakumbuka ule utepe wa magnesiamu kidato cha kwanza? Mwalimu anaushika kwa koleo, anawaonya msiutazame, unawaka pwaa, kisha kinabaki kijivu cheupe. Tulikipangusa mezani tukaenda zetu. Kumbe kile ni oksaidi ya magnesiamu, yaani magnesiamu iliyoungana na oksijeni, na atomu zake zimejipanga vilevile kama chumvi ya mezani, zenye chaji chanya na zenye chaji hasi zikipokezana kila upande. Ila huku chaji ni maradufu, kwa hiyo mshikamano si wa mchezo: chumvi huyeyuka kwenye nyuzi 801, hiki hufika karibu 2,850.

Tangu mhandisi Mmarekani K. Eric Drexler aanze kuandika juu ya mashine za ukubwa wa molekuli miaka ya 1980, wengi wameota kuziunda kwa almasi. Sawa, ni ngumu. Lakini almasi ni kaboni, ndugu ya makaa: ipashe moto wa kutosha hewani, itaungua iwe gesi. Oksaidi imeshaungua, haina cha kuungua tena. Tena oksijeni ni karibu 46% ya uzito wa gamba la dunia. Yakuti ya Taita Taveta ni alumini na oksijeni, ugumu wake ni 9 kwenye kipimo cha 1 hadi 10, pale almasi inapopata 10. Mchanga wa Kwale tuliopakia melini mpaka uchimbaji ukafungwa mwisho wa 2024 ulijaa oksaidi za titaniamu. Pesa za umma ziende huko.

Fundi wa Kamukunji
Umetaja ugumu, hukutaja kuvunjika. Diski ya grainda yangu ina chembe za oksaidi hiyohiyo ya alumini. Inakula chuma kutwa. Iangushe mara moja, itie ufa usiouona, kisha uiwashe: inaweza kukurukia usoni. Chuma ukikigonga kinapinda, kinakupa habari mapema.

Naomba Kuuliza
Na magadi je? Tunayo ziwa zima.

Mwalimu wa Kemia, Donholm
Magadi hapana, yanayeyuka majini. Ukiyatupia kwenye maharagwe unayaona tena?

Fundi, kwenye diski mara nyingi kinachoachia ni gundi, si chembe. Lakini hoja yako imesimama. Kwenye fuwele za aina hii, sogeza tabaka moja hatua moja, chanya inakaa juu ya chanya, zinasukumana, jiwe linapasuka. Dawa yake chaza anayo zamani. Ndani ya kombe lake kuna vibamba vya kalisi kaboneti vyenye unene wa nanomita 500 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), vimepangwa kama matofali, na protini kidogo katikati kama udongo wa kujengea. Takriban 95% ni kaboneti ileile ya jiwe la chokaa, ila ufa ukianza unalazimika kupinda kila kona na kuchoka njiani.

Mimi kinachonitisha ni maji. Chukua mchemraba wa sentimita 1, ukate uwe michemraba ya nanomita 1. Uso uliokuwa sentimita 6 za mraba unakuwa mita 6,000 za mraba. Zote hizo zinakunywa unyevu! Oksaidi ya magnesiamu ikikutana na maji inageuka haidroksaidi na kufura. Mashine ya namna hiyo haimalizi masika ya Nairobi.

Mama Duka
Vumbi lake atavuta nani? Umoja wa Ulaya uliitoa oksaidi ya titaniamu kwenye vyakula mwaka 2022, kwa sababu wataalamu wao hawakuweza kuondoa shaka kwamba inadhuru chembe za urithi. Kabla hamjagawana hizo pesa, niambieni vijana watakaosaga hayo mawe watavaa nini.

Jivu Jeupe
Mwalimu, magnesiamu naitoa. Nabaki na oksaidi ya alumini: yakuti huokotwa kwenye kokoto za mito, maji yamepita juu yake miaka na mikaka na bado iko imara. Mama Duka, hapo umenishika, sina jibu.

Fundi wa Kamukunji
Basi nileteeni hiyo yakuti niitoboe. Nitaitoboa na nini sasa, kama si almasi?