Kikapu cha Nyanya

Kikundi cha familia, Mombasa
Jumamosi, 16 Mei 2020

Zainabu, 16:48
Salaam alekum nyote. Leo siku ya 10 tangu Mji wa Kale ufungwe kwa ajili ya korona, nami nina la kuwaambia. Nyanya ameanza kuteremsha kikapu dirishani.

Shangazi Mwanaisha, 16:50
Waalekum salaam. Kikapu gani tena, mwanangu?

Zainabu, 16:54
Kile cha ukili alichokuwa akiendea Marikiti. Amekifunga kamba ya kuanikia nguo. Humngoja jirani wa mkabala atokeze mlangoni, kisha akakishusha polepole, na mkate wa sinia umefunikwa kwa kawa. Jirani akishatoa mkate hutia chake. Jana kilipanda na kaimati za moto, shira yadondoka mpaka kamba ikanata. Hawakushikana mikono wala kusogeleana, na sahani haikurudi tupu.

Shangazi Mwanaisha, 16:57
Huyo ndiye mamangu! Nimecheka na machozi yamenitoka. Niko Kisauni hapa, ng'ambo ya daraja tu, na siwezi kuja kumbusu mkono. Sitasema kufungiwa ni neema, shemeji yenu hana abiria wa tuktuk na kodi yadaiwa. Lakini kikapu hicho kimeniburudisha moyo.

Mjomba Abdalla (Maskati), 17:03
Mmenikumbusha mbali. Huku Mutrah tumefungiwa tangu tarehe 1 Aprili. Tuko watu watatu chumba kimoja, kazi zimesimama. Twafuturu tende, laban na wali, hatulali na njaa, alhamdulillahi. Ninachokosa ni sauti za nyumbani. Zainabu, hebu nirekodie sauti za hapo njiani.

Zainabu, 17:05
Mjomba, njia imenyamaza. Hakuna pikipiki, hakuna mkokoteni, baraza zote tupu.

Mjomba Abdalla, 17:06
Irekodi hivyo hivyo.

Zainabu, 17:14
[Ujumbe wa sauti, dakika 1]
Nimepanda darini.

Mjomba Abdalla, 17:21
Nimeisikiliza mara tatu. Kunguru nimewajua. Kuna mtu atwanga. Na hicho kingine kama maji?

Zainabu, 17:24
Anayetwanga ni mama wa nyumba ya pembeni, atwanga iliki kila siku baada ya laasiri, na harufu yake yatufikia huku juu. Na maji ni maji kweli, mjomba! Ni bahari ya Bandari ya Kale yapiga ukuta. Nimezaliwa nyumba hii, na mchana sijapata kuisikia ila mwaka huu. Sasa kila jioni napanda dakika kumi kabla ya kuandaa futari, nakaa tu na upepo wa kusi usoni. Ndizo dakika zangu.

Shangazi Mwanaisha, 17:26
Zilinde hizo. Mimi zangu ni za baada ya daku, kabla ya adhana ya alfajiri, watoto wamelala, nabaki na kikombe changu cha chai ya tangawizi na sina wa kuniita.

Zainabu, 17:33
Nyanya ataka kusema, namwandikia mimi. Asema: "Abdalla mwanangu, mimi starehe yangu ni tarawehe. Misikiti imefungwa, basi Swaleh atusalisha ukumbini. Miaka 14 namlea mjukuu huyu na nilikuwa sijamsikia akisoma Kurani sala nzima, maana akienda msikitini na babake mimi nabaki nyumbani. Usiku wa kwanza sauti ilimtetemeka. Sasa yatoka kifuani. Nasimama nyuma yake, magoti yaniuma, na sitaki arukuu."

Mjomba Abdalla, 17:36
Allahu akbar. Mama, umeniliza mbele za watu.

Mjomba Abdalla, 17:37
Swaleh, upo? Sasa ni kumi la mwisho la Ramadhani. Mwambie dadako aache simu karibu arekodi, nami nisikie.

Swaleh, 17:41
Naona haya mjomba. Kuna pahali huwa nakosea.

Mjomba Abdalla, 17:42
Kosea, kisha urudie. Nitangoja.

Swaleh, 17:43
Haya inshallah. Wewe hujafuturu?

Mjomba Abdalla, 17:45
Adhana ya huku ndiyo hii yaanza. Ninyi bado nusu saa.

Zainabu, 17:46
Futuru kwa heri, mjomba. Nyanya aniita nikamshikie kamba, leo ametia tambi na kikapu kizito.