Mimba ya wiki 27, bado ananyonyesha, na anataka kuvuka Namanga: achome chanjo ipi?

Dada_wa_Usa:
Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu yuko Usa River, mimba ina wiki 27, na mtoto wa mwaka na miezi mitano bado ananyonya. Kliniki wanataka achome sindano ya pepopunda. Mimba iliyopita alichomwa mbili, ila kadi ilipotea alipohama kutoka Himo. Halafu wiki mbili zijazo ana safari ya Nairobi kufuata nguo Eastleigh, na kondakta kamwambia bila kadi ya njano (cheti cha chanjo ya homa ya manjano) atasumbuliwa mpakani Namanga wakati wa kurudi. Mama mkwe naye kashikilia kwamba sindano za kliniki zinafunga uzazi na kuharibu maziwa. Achome zote, moja, au asubiri ajifungue?

Mkunga_Ngarenaro:
Dada, pole na mkanganyiko. Hizo chanjo mbili zitenganisheni kwanza, hazifanani hata kidogo. Ya pepopunda, ambayo siku hizi ni Td (imeunganishwa na dondakoo), haina kijidudu hai ndani. Ni sumu ya bakteria iliyoondolewa makali. Haina cha kumwambukiza mtoto, awe tumboni au titini. Ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na hiyo ndiyo ya kukaa chini na kuifikiria.

Td ni nusu mililita kwenye msuli wa mkono, juu karibu na bega. Ya pili inafuata baada ya wiki 4, ya tatu miezi 6 baada ya ya pili, ya nne baada ya mwaka, ya tano baada ya mwaka mwingine. Mbili zinalinda kama miaka 3, tatu miaka 5, nne miaka 10, na tano zinamtosha kwa umri wote wa kuzaa.

Kwa hiyo zile mbili za Himo zina thamani. Zikithibitika, ya sasa inahesabiwa ya tatu na mimba hii haihitaji nyingine. Zisipothibitika anahesabiwa kama hajaanza: moja sasa, nyingine wiki ya 31. Ya mwisho iwe imeingia angalau wiki mbili kabla ya kujifungua, maana mwili wa mama unahitaji muda wa kutengeneza kinga, na kinga nayo inahitaji muda wa kupita kwenye kondo la nyuma. Anayeanza wiki ya 36 ya pili inamwangukia wiki ya 40, ambayo wengi hawaifikii bila kujifungua.

Kadi ikipotea, jina halipotei. Zahanati ya zamani ina kitabu cha MTUHA (rejesta ya taarifa za afya) cha wajawazito. Apige simu au amtume mtu na jina kamili alilojiandikisha nalo (wengine waliandika la mume, ndipo linakosekana!) pamoja na mwezi wa hudhurio la kwanza. Kurudia dozi nyingi kwa muda mfupi kunaweza kuvimbisha mkono kuanzia begani hadi kiwiko, ukauma siku kadhaa. Lakini kama majibu ya Himo yanachelewa, asisubiri. Mkono kuvimba kunapona. Pepopunda ya kitovu humfanya mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri aache ghafla, taya likakaza, na wengi hawaponi.

Mfamasia_Kiboriloni:
Naongezea upande wa dawa. Maumivu na wekundu wa siku moja hadi tatu ni kawaida. Asikande kwa maji ya moto wala kusugua. Panado miligramu 500, kimoja au viwili kila baada ya saa 6, inamfaa mjamzito na anayenyonyesha. Diklofenaki na ibuprofeni asiguse: kuanzia wiki ya 20 zinaweza kuathiri figo za mtoto na maji ya uzazi yakapungua. Naona watu wananunua diklofenaki dukani kama pipi.

SP ya malaria inaweza kwenda siku moja na Td, haziingiliani.

Na tafadhali msinunue Td mtaani mkaibeba kwenye kifuko cha barafu. Inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka na kuonekana kawaida. Ya kliniki ni bure na imetunzwa.

Tabibu_Sakina:
Homa ya manjano sasa. Kwa mjamzito haitolewi kama utaratibu wa kawaida, ila pale ambapo hatari ya ugonjwa ni kubwa kweli, mfano anaingia kwenye eneo lenye mlipuko na safari haiahirishiki. Eastleigh si eneo la namna hiyo. Kenya ipo kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano, ndiyo maana Tanzania inadai kadi kwa anayetoka huko, lakini kwa msafiri anayeishia Nairobi mjini chanjo kwa kawaida haishauriwi. Yaani hapa tatizo lake ni karatasi, si ugonjwa.

Karatasi ina njia yake. Aende kituo kinachotoa kadi ya njano akiwa na kadi ya kliniki inayoonyesha umri wa mimba. Daktari anajaza ukurasa wa msamaha wa kitabibu uliomo ndani ya kadi hiyohiyo, na anampa barua yenye nembo ya kituo, tarehe, sahihi na muhuri. Barua isiyo na muhuri ndiyo inayowakwamisha watu dirishani. Afisa wa mpakani bado ana haki ya kumhoji, kwa hiyo aulizie Namanga kabla ya kukata tiketi.

Kadi ya kununua bila sindano, hapana.

Akishajifungua asikimbilie kuchoma pia. Mwaka 2009 huko Brazili mtoto mchanga alipata virusi vya chanjo hii kupitia maziwa ya mama. Mtoto akiwa chini ya miezi 9 tunaahirisha, isipokuwa safari ya hatari isiyoepukika. Huyu wa mwaka na miezi mitano angekuwa ndiye mnyonyaji pekee, nisingekuwa na neno.

Dada_wa_Usa:
Asanteni sana. Na mama mkwe nimwambieje?

Mkunga_Ngarenaro:
Uvumi wa kufunga uzazi ulivuma sana Kenya mwaka 2014. Chupa za chanjo ya pepopunda zilipimwa kwa mashine za kupimia damu ya binadamu, ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya chanjo, kwa hiyo majibu yake hayategemewi. Mwambie mama mkwe kwamba mdogo wako mwenyewe alichomwa mbili mimba iliyopita, na leo ana ya wiki 27.

Kuhusu maziwa, Td haiyabadilishi. Ila wasidhani atachoma baada ya kujifungua kisha kinga imfikie mtoto kwa kunyonya. Kinga ya pepopunda anaipata akiwa tumboni. Ya surua-rubella ndiyo inayosubiri mpaka ajifungue, na hiyo hata akinyonyesha anachoma.

Aje kliniki na mama mkwe wake. Na tarehe ya sindano ikishaandikwa, apige picha kadi pande zote mbili.