Mrejesho: picha za Ng'ambo sasa zinaonekana

Niliuliza hapa kwa nini picha zangu za Ng'ambo, Unguja, hazitokei nikizitafuta kwa jina hilo. Ahsanteni, kisa ni ritifaa, ile alama ya juu katika ng'. Kompyuta yangu iliweka iliyopinda (’), mimi nikitafuta kwa simu naandika iliyonyooka ('). Kwa mashine hizo ni alama mbili tofauti, kila moja na namba yake ya kompyuta (U+2019 na U+0027), na programu ya hifadhi yangu haikuzilinganisha. Sasa kila picha ina lebo za Ng'ambo, Ng’ambo na pia Ngambo, maana wengi hawaiandiki kabisa. (Inaniuma, kwani bila ritifaa hata matamshi si yetu.) Jana nimejaribu tahajia zote tatu, picha zimetoka. Zimebaki za ng'ombe na ng'onda, nazirekebisha leo usiku.